Shajara ya baraza la uani: kazi ya kabla ardhi haijaganda

24 Agosti: Kupanga

Baraza letu la uani limeharibika. Ni la pevingi, yaani vitofali vya kupanga chini, mita 3.6 kwa 4.8, na nililiweka mwenyewe Juni miaka miwili iliyopita, mara tulipohamia nyumba hii kusini mwa Saint Paul, Minnesota. Nilifanya kama nilivyokumbuka mjomba wangu akifanya Morogoro: nilichimba sentimita 12, nikamwaga mchanga, nikasawazisha kwa ubao, nikapanga. Msimu wa kwanza wa baridi ulipita salama. Wa pili haukupita. Barafu ilipoyeyuka mwaka huu, kona ya kaskazini ilikuwa imeinuka sentimita 4 kuliko katikati, na tangu hapo maji ya mvua yanarudi kwenye ukuta wa nyumba. Mama mkwe alipotutembelea Julai alijikwaa pale mara mbili. Mara ya pili aliumia kiwiko. Siku ile nikaamua nalifumua lote.

Naandika hatua kwa hatua, pamoja na gharama na makosa, kwa sababu najua ndugu wengi wamenunua nyumba huku kwenye baridi na wanataka mahali pa kukaa nje jioni, wachome nyama, watoto wacheze. Video za mafundi ziko nyingi, ila nyingi zinamwonyesha mtu ambaye hakosei.

Kwanza nilimpigia mjomba. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Maji ya paa lako yanamwagika wapi?" Nikamwambia bomba la gata linashuka kwenye kona. Kona ipi? Kona ileile. "Sasa mpwa wangu, wewe uliniona lini nikipanga pevingi juu ya tope?" Ni kweli. Nilikuwa mdogo, nilibeba mchanga, na nilichokumbuka ni ule mchanga. Sikukumbuka kwamba kabla ya kugusa beleshi alikuwa anazunguka kiwanja kizima akitazama maji yanakotoka na yanakokwenda.

Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi za barabara hadi kustaafu, alinimalizia somo. Udongo wetu ni mfinyanzi. Ardhi inapoganda, maji yaliyomo kwenye udongo wa chembe ndogondogo kama huu huvutwa kwenda juu kulikoganda na kutengeneza tabaka za barafu, na tabaka hizo ndizo zinazoinua kila kilicho juu yake. Ili udongo uinuke hivyo vinatakiwa vitu vitatu kwa pamoja: baridi, udongo unaovuta maji, na maji yenyewe. Baridi siiwezi. Huku kusini mwa Minnesota sheria ya ujenzi inataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42, kama sentimita 107, ili uwe chini ya kina cha kuganda. Hakuna anayechimba baraza kwa kina hicho. Basi nabaki na mawili ninayoyaweza: kuondoa maji, na kubadilisha udongo ulio chini ya pevingi kwa kokoto.

Kwa nini sasa na si Mei? Msimu huu wa majani kupukutika kamusi nyingine huuita vuli, lakini kwa mtu wa Morogoro vuli ni mvua za kupandia, na hapa mambo ni kinyume: ni msimu wa kufunga shamba. Hata hivyo kwa kazi ya uani una faida. Jua halichomi. Vitalu vya miche huuza kwa nusu bei kwa sababu hawataki kutunza miche majira ya baridi. Na udongo hubaki na joto muda mrefu baada ya hewa kupoa, kwa hiyo mizizi huendelea kukua wakati majani yameshapumzika.

Hasara yake ni moja nayo ni kubwa: kuna siku ya mwisho na haiongezwi. Kwa hiyo nilipanga kinyumenyume. Nilichukua kalenda, nikaandika katikati ya Novemba "ardhi imefungwa", nikarudi nyuma. Nyasi za hapa hupandwa vizuri kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba. Hapo ndipo nilipoona mgongano: nikipanda nyasi Septemba, lori la kokoto na toroli vitazikanyaga Oktoba. Nikaamua maji kwanza, baraza la pili, mimea ya tatu, nyasi mwisho kabisa. Kibanda cha kivuli, ambacho mama watoto alikitaka sana, tumekihamishia mwaka ujao, maana nguzo zake zinahitaji mashimo ya kupita zile inchi 42 na sina siku za kutosha.

Bajeti: dola 1,200. Fundi mmoja alikuwa ametutajia dola 6,800 kwa baraza peke yake, bila maji wala mimea.

7 Septemba: Simu ya 811 na kebo isiyopigwa rangi

Kabla ya kuchimba popote Marekani unapiga 811, namba ya kuomba uonyeshwe nyaya na mabomba yaliyozikwa ardhini. Ni bure. Hapa Minnesota unawapa siku mbili za kazi, wanakuja kupiga rangi juu ya nyasi: nyekundu ni umeme, njano gesi, bluu maji ya kunywa, rangi ya chungwa simu na intaneti, kijani maji taka. Umbali wa inchi 24 kila upande wa mstari unachimba kwa mkono na kwa uangalifu.

Jambo nililokuwa silijui: wanapiga rangi mali ya makampuni tu, yaani hadi kwenye mita yako. Kilicho baada ya mita ni chako. Nilianza kuchimba mtaro wa bomba la maji ya gata, sehemu isiyo na rangi yoyote, na kwenye sentimita 40 sululu ikagusa kitu kilichoteleza. Nikaacha, nikafukua kwa vidole. Ilikuwa kebo ya umeme inayokwenda gereji, iliyolazwa na mwenye nyumba wa zamani bila hata bomba la kuikinga. Sululu ilikuwa imekwaruza ganda la nje tu. Nilikaa chini kwa muda. Watoto walikuwa wamesimama hatua tatu kutoka pale.

Marekebisho: nilizima swichi kuu ya gereji, nikamwita fundi umeme aiangalie, akasema ni nzima, akaifunga vizuri. Hakutoza kitu, ni wa msikitini kwetu. Nikahamisha mtaro mita moja pembeni. Ukitaka kuiga kazi hii, kabla ya kushika sululu jiulize: gereji inapata umeme kwa njia gani? Jiko la nje linapata gesi kwa njia gani? Taa za bustani je? Chora mistari hiyo wewe mwenyewe.

8 hadi 15 Septemba: Maji kwanza

Bomba la gata linapokea maji ya robo ya paa, kama mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 25 juu ya eneo hilo ni lita 750, na zote zilikuwa zinamwagwa kwenye kona moja ya baraza. Nilipofanya hesabu hiyo sikuhitaji tena maelezo ya nani alaumiwe.

Nimeyapeleka kwenye bustani ya mvua, yaani bonde la kina kifupi lililopandwa mimea, ambalo hupokea maji na kuyanywesha ardhi taratibu. Linatakiwa liwe si chini ya futi 10, mita 3, kutoka kwenye nyumba, na maji yasikae zaidi ya siku mbili. Ili kujua kina, nilichimba shimo la sentimita 30, nikalijaza maji, nikaliacha likauke, nikalijaza tena na kupima. Ujazo wa pili ndio wa kuamini, kwa kuwa udongo mkavu hudanganya, hunywa haraka mara ya kwanza. Yalishuka sentimita 6 kwa saa 12. Kwa mwendo huo kina cha sentimita 15 kitakauka kwa saa 30 hivi. Basi sentimita 15, eneo la mita 6 za mraba: lita 900. Linatosha.

Bomba la inchi 4, lisilo na matundu, mita 9, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Bomba na viungo vyake: dola 85. Siku mbili za kuchimba. Udongo ulikuwa mkavu kama tofali kwa kuwa mvua haikunyesha kwa wiki kadhaa, na nilijifunza kumwagia maji jioni ili nichimbe asubuhi.

21 Septemba: Kufumua na kuchimba

Shemeji amekuja na wenzake wawili. Pevingi tulizitoa, tukazipiga brashi na kuzipanga kando ya uzio. Kati ya zote, zilizopasuka ni chache, nitanunua za kujazia.

Kina cha kuchimba: sentimita 20 za kokoto, 2.5 za mchanga, 6 za pevingi, jumla 28.5. Tulichimba sentimita 20 nje ya ukingo wa baraza kwa pande tatu, ili kokoto ipite mbele ya pevingi ya mwisho, la sivyo ukingo utamomonyoka.

Kosa letu lilikuwa kuchimba sakafu sawasawa, kama meza. Tulijivunia hata, pima maji ilionyesha kiputo kiko katikati kabisa. Jioni, wageni wakiwa wameshaondoka, nikakaa na karatasi ndipo nikaona. Uso wa baraza unatakiwa uteremke kutoka nyumbani kwa asilimia 2, yaani sentimita 7 kwa upana wa mita 3.6. Kama sakafu iko sawa na kokoto iko sawa, mteremko ungeupata wapi? Kwenye mchanga. Upande wa mbali mchanga ungekuwa sentimita 2.5, upande wa nyumba karibu 10. Mchanga mnene hivyo hutulia ovyo, na baada ya mwaka mteremko unapotea. Zaidi ya hapo, maji yanayopenya kwenye viungo yangeshuka hadi kwenye mfinyanzi na kutuama pale, sakafu iliyo sawa haina pa kuyapeleka. Ningekuwa nimejenga beseni chini ya baraza.

Mteremko unaanza chini kabisa, kwenye udongo. Kokoto inaufuata, mchanga unaufuata, pevingi zinaufuata. Jumapili nzima nilichimba peke yangu, sentimita 7 zaidi upande wa mbali, zikipungua hadi sifuri upande wa nyumba.

Udongo uliotoka ulinishangaza kwa wingi. Shimo lilikuwa na mita za ujazo kama 6, lakini mfinyanzi ukichimbuliwa huvimba, lundo likawa karibu 8. Nilikuwa nimepanga kukodi kontena la taka. Halafu nikakumbuka kwamba ardhi inayozunguka nyumba inatakiwa ishuke inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza, na yetu ilikuwa imelala. Nusu ya lundo ilikwenda huko, ikashindiliwa. Sehemu nyingine imeinua kingo za bustani ya mvua, na iliyobaki aliichukua jirani. Kontena sikukodi.

28 Septemba: Kokoto, na siku ya mashine iliyopotea

Tani 8 za kokoto zimemwagwa kwenye njia ya gari, dola 390 pamoja na lori. Hapa wauzaji huiita Class 5: ni kokoto iliyochanganyika na vumbi lake, ndiyo inayoshikana ikishindiliwa. Chini yake tumetandika kitambaa kizito cha kutenganisha udongo na kokoto, dola 95. Usikiruke. Bila hicho mfinyanzi ukilowa huipanda kokoto na kuimeza, na baada ya miaka michache tabaka lako limekuwa nusu kokoto nusu tope.

Mashine ya kushindilia nilikodi kwa dola 95 kwa siku. Na kwa sababu pesa ilikuwa inahesabiwa kwa siku, niliharakisha. Tulijaza kokoto yote sentimita 20 kwa mkupuo, tukapitisha mashine mara nne. Juu pakawa pagumu, mashine ikawa inarukaruka. Nikairudisha saa kumi na mbili jioni nikiwa nimeridhika.

Jumapili asubuhi mzee jirani akaja na nondo. Hakusema neno. Akaisukuma kwa mkono kwenye kokoto. Sentimita 8 za kwanza ilikataa, akagonga kidogo kwa nyundo, halafu ikazama hadi chini kama kwenye gunia la mahindi. Akanitazama, akaniuliza tumeweka tabaka ngapi. Nguvu ya mashine ndogo kama ile haifiki chini sana. Inakaza ganda la juu na kuacha chini pakiwa palegevu, na palegevu ndipo maji hukaa.

Sikutaka kukubali. Nilizunguka baraza mara mbili nikitafuta sababu ya kuliacha. Kisha nikachukua toroli.

5 Oktoba: Kurudia

Kokoto yote imetolewa hadi kwenye kitambaa, imerudishwa kwa tabaka tatu, kila moja kama sentimita 7. Dola 95 nyingine za mashine. Kila tabaka tulilinyunyizia maji kwanza kwa mpira, lilowe bila kutiririka, maana vumbi kavu halishikani. Kila tabaka mashine ilipita mara nne, na kila mara tulibadilisha upande. Mzee akaja tena na nondo yake, akagonga sehemu tano. Iligoma zote. "Hii gari inaweza kupita," alisema. Mama watoto akampelekea sahani ya pilau na akakaa nasi hadi jua lilipozama.

Niliweka nyuzi nne kutoka ukuta wa nyumba, zote zikishuka sentimita 7, nikapima kila nusu mita. Panapotofautiana zaidi ya nusu sentimita nilirekebisha kwa kokoto, si kwa mchanga.

12 na 13 Oktoba: Mchanga, pevingi, ukingo

Sehemu hii ilikwenda vizuri, naifupisha. Mabomba mawili ya unene wa inchi 1 yamelazwa juu ya kokoto kama reli, mchanga umemwagwa katikati, ubao umevutwa juu yake, mabomba yametolewa na mifereji yake kujazwa. Usikanyage tena. Pevingi zimepangwa kuanzia kona ya nyumba kwa kusimama juu ya zilizokwisha kupangwa. Mchanga dola 60, pevingi za kujazia 132, plastiki ya ukingo pamoja na misumari mirefu ya inchi 10 ni 110. Jirani alitupatia mashine ya kazini kwa mwanawe kwa saa moja, tukaipitisha mara mbili juu ya pevingi.

Wakati huohuo nimenunua mti. Amelanchier, mti mdogo wenye maua meupe mapema na matunda madogo yanayolika, umeshuka kutoka dola 140 hadi 70. Nilipoutoa kwenye ndoo nilikuta sentimita 6 za udongo juu ya mahali shina linapotanuka kuwa mizizi. Nimeuondoa kwa mkono hadi pale palipotanuka pakaonekana, ndipo nikapanda. Mti ukizikwa shingo hufa polepole, na wewe unaendelea kuumwagilia ukidhani una kiu.

16 Oktoba: Nyasi za pupa

Nilivunja mpango wangu mwenyewe. Tarehe 6 kulikuwa na joto, uani palikuwa udongo mtupu, watoto wanaingiza matope ndani, nikamwaga mbegu za nyasi za dola 45. Zimechipua tarehe 14, kijani kizuri kama uzi. Usiku wa jana kumeanguka jalidi nzito. Kichipukizi cha siku mbili hakina mzizi wa kuvumilia. Leo mchana vimelala vyote.

Baada ya katikati ya Septemba mbegu iache ndani ya mfuko. Subiri Novemba, udongo ushuke chini ya nyuzi 4 za selsiasi, ndipo uimwage: itakuwa baridi mno kuchipua, italala na kuamka yenyewe ardhi ikipata joto. Nilikuwa nimeyaandika hayo Agosti kwa mkono wangu.

20 Oktoba: Bustani ya mvua yafurika

Mvua ya kwanza kubwa tangu tuanze. Nilitoka na mwavuli saa nne usiku na tochi. Bomba linatema maji vizuri, baraza linateremsha maji vizuri, ukuta wa nyumba mkavu. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikamulika bustani ya mvua: imejaa, na maji yanavuka ukingo pale palipo chini zaidi, moja kwa moja kwenye uani wa mzee aliyetusaidia. Hesabu yangu ilikuwa ya milimita 25. Nilipotazama kipimo asubuhi, zilikuwa zimenyesha 38.

Nilikuwa nimewaza maji yanavyoingia tu. Mjomba angeuliza swali lake la pili: yakizidi yanakwenda wapi? Asubuhi nilimwomba radhi jirani, nikakata mdomo kwenye ukingo upande wa barabara, sentimita 3 chini ya ukingo mwingine wote, upana wa sentimita 60, nikaupanga mawe ya mviringo niliyoyaokota wakati wa kuchimba. Maji yakizidi yatatoka hapo, taratibu, yaelekee mtaani. Gharama hakuna.

Mimea yake 24 ya kienyeji imeshaingia ardhini tangu mwishoni mwa Septemba, dola 120: matete madogo, iris ya bluu ya majini, na Asclepias incarnata, ambao viwavi wa kipepeo aina ya monarch huula. Hiyo inastahimili kulowa miguu na pia kukaukiwa.

26 Oktoba: Mchanga wa viungo

Huu ni mchanga wenye gundi unaokauka na kuwa mgumu baina ya pevingi. Unahitaji pevingi kavu kabisa, siku isiyo na mvua, na joto la kutosha. Utabiri ulikuwa mzuri. Nilianza saa mbili asubuhi. Kosa ni hiyo saa mbili. Pevingi zilionekana kavu kwa macho, lakini umande wa usiku ulikuwa bado umo, na vumbi la gundi likashika juu. Nilipomwagia maji kama maelekezo yanavyosema, theluthi ya baraza ilibaki na ukungu mweupe.

Niliacha hapohapo. Jioni na kesho yake nimesugua kwa maji ya moto na brashi ngumu, umetoka sehemu kubwa, si wote. Sehemu iliyobaki niliifanya saa saba mchana, baada ya kupangusa pevingi kwa kiganja na kuhakikisha hakirudi na unyevu, na baada ya kupuliza vumbi kwa mashine ya majani kabla ya maji. Imetoka safi. Mifuko mitatu ingetosha, nimetumia minne, dola 34 kila mmoja.

3 Novemba: Vichaka na vitunguu saumu

Leo saa za huku zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka, jua linazama saa kumi na moja kasoro. Baada ya kazi za ofisini hakuna tena mwanga, kwa hiyo zilizobaki ni Jumamosi na Jumapili tu.

Miti yote imepukutika isipokuwa vichaka vya nyuma ya uzio, bado kijani kibichi. Ni Rhamnus cathartica, kilichotoka Ulaya kwa ajili ya uzio wa mimea, sasa kinasonga misitu ya jimbo zima. Majira ya joto huwezi kukitofautisha haraka. Sasa kinajionyesha chenyewe. Nimekata shina 19 na kupaka dawa kwenye visiki mara ileile, kwani kikikatwa tu hurudi na matawi mengi zaidi.

Mahali palipopata jua nimepanda vitunguu saumu, dola 16, ncha juu, sentimita 5 chini ya udongo, nikafunika majani makavu ya ngano. Huku hupandwa Oktoba au mapema Novemba na kuvunwa Julai. Mama watoto alitaka angalau kitu kimoja cha kuliwa kitoke kwenye jasho lote hili.

16 Novemba: Kufunga

Kipima joto cha udongo kimesoma nyuzi 3. Nimemwaga mbegu za nyasi, dola 45 nyingine, nikazikwangua kidogo kwa reki. Shina la mti nimelizungushia wavu, sungura wa hapa hula magome chini ya theluji. Mti wenyewe nimeumwagilia mara ya mwisho. Majani yaliyoanguka nimeyasaga kwa mashine ya kukatia nyasi na kuyalaza chini ya mti, mbali na shina.

Jumla ni dola 1,512, pamoja na marobota mawili ya majani ya ngano kwa dola 18. Nimezidisha bajeti kwa 312. Kati ya hizo, 174 ni za makosa: siku ya mashine, mfuko wa mchanga, mbegu za Oktoba. Nyingine 138 nilizikadiria vibaya, hasa kokoto, niliyodhani itatosha tani 5.

Nimeacha misumari minne ya rangi kwenye kona za baraza na kuandika kila kona iko chini kiasi gani kuliko kizingiti cha mlango, ili baada ya baridi nione kama imesogea.

3 Mei: Baada ya baridi

Ardhi imeyeyuka kabisa wiki mbili zilizopita. Nimepima kona zote. Kona ya kaskazini, ile iliyopanda sentimita 4, imesogea milimita 3. Mbili hazikusogea kiasi ninachoweza kukisoma. Iliyo karibu na ngazi imeshuka milimita 6, mahali nisipoweza kuifikisha mashine na nikashindilia kwa mkono. Nimeinua pevingi 12, nikaongeza mchanga, nikazirudisha, kazi ya saa moja.

Ukungu mweupe umefifia lakini bado unaonekana pevingi zikiwa kavu. Nyasi zimeota vizuri ila kwenye ukanda mmoja mrefu chini ya paa la gereji, theluji iliyoporomoka ilizichukua mbegu. Vitunguu saumu viko urefu wa kiganja. Kati ya mimea 24 ya bustani ya mvua nahesabu 21 yenye machipukizi, na Asclepias huchelewa kuamka, sijaing'oa hata mmoja.

Mjomba nimemtumia picha ya pima maji ikiwa juu ya baraza, kiputo kikiegemea upande wa nyumba kama inavyotakiwa. Amejibu kwa kuuliza mdomo wa bustani ya mvua unatoa maji wapi, nikampigia picha na hapo.

Mama mkwe anakuja Juni. Simu ya 811 nimeshapiga kwa ajili ya mashimo ya nguzo za kibanda, rangi zitapigwa katikati ya wiki, na ile kebo ya gereji nimeichora mwenyewe kwa chokaa.